Ombi la Kumtaka Bingwa Hanifah Ashindwe Kombe la Maziwa

Ladislas Munyakazi,
Katibu, Chama cha Waendesha Boda,
Steji ya Base Camp, Nakivale.
Jumatano, tarehe 13 Agosti.

Kwa Bingwa Hanifah binti Umaru,
Kakiika, Mbarara.

Mheshimiwa Bingwa,

KUHUSU: KUSHINDWA KWAKO JUMAPILI HII

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mzee wako Umaru, na kaka yako Faizal, na ng'ombe wote. Sisi huku ni wazima, isipokuwa wale walioanguka kwa ajili yako, ambao nitawataja hapa chini.

Mimi naitwa Ladislas Munyakazi. Kule Burundi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, waendesha boda wa Base Camp wamenichagua niwe katibu wao, ingawa mimi mwenyewe siendeshi pikipiki na, Mungu akinisaidia, sitaendesha. Hatujuani sana mimi nawe. Tulikutana mara moja, mwezi wa sita, ukanywa kwangu chai vikombe vitatu. Silalamiki juu ya chai. Ninakuandikia kukuomba jambo moja dogo: Jumapili hii, kwenye mashindano ya pikipiki ya Kombe la Maziwa, tafadhali ushindwe.

Najua ombi hili si la kawaida. Naomba usome malalamiko yangu yote kabla hujakasirika. Nimeyapa namba ili ukitaka kujibu usipotee njia.

1. Lalamiko la kwanza ni maisha yako.

Mwezi wa pili kaka yako Faizal alileta sokoni kwetu makoti ishirini ya pikipiki, mfano wa lile unalovaa wewe mashindanoni: zambarau, mabega ya manjano, namba 31 mgongoni, pamoja na glavu na pedi za magoti. Ndani ya kila koti palikuwa na kijitabu cha kusimulia habari zako. Makoti yalinunuliwa na watu wachache. Kijitabu kilisomwa na wote, kwa sababu kilikuwa cha bure.

Ndiyo maana leo hakuna mtu hapa asiyejua kwamba ulianza ukiwa na miaka kumi na sita, ukibeba kwa pikipiki madebe ya maziwa ya baba yako kutoka mashambani Kakiika hadi mjini, na kwamba hukuwahi kumwaga hata tone. Wanajua kwamba uliingia Kombe la Maziwa mara ya kwanza na pikipiki ileile ya kazi, vyuma vya kufungia madebe vikiwa bado viko nyuma, wanaume wakacheka, ukawaacha kwenye matope wakitafutana. Wanajua kwamba mwaka uliofuata ulishinda tena, na waliocheka hawakuja. Hayo yote ningeyavumilia. Tatizo ni ukurasa wa tisa, ule wa ushindi wako wa tatu, ambapo unavunjika mtulinga kwenye mzunguko wa pili halafu unamaliza mbio kwa mkono mmoja.

Bingwa, nakuuliza kwa upole: kwa nini? Mtu akivunjika mfupa hukaa chini, huita watu, hulia kidogo. Ndivyo tulivyolelewa. Tangu ukurasa wa tisa ufike Nakivale hakuna majeruhi anayekaa chini. Mwezi wa tatu mwanachama wetu Venuste, baba wa watoto wanne, aliteleza mtaroni akiwa amebeba mama mmoja na gunia la mahindi, kifundo cha mguu kikavimba kama papai. Akakataa kwenda zahanati. Akamwambia abiria wake kwamba Bingwa hakusimama. Abiria, ambaye hakuwa ameumia popote, akaomba ashuke yeye, na Venuste akakataa hilo pia, kwa sababu hiyohiyo. Alimfikisha. Mama yule sasa hutembea kwa miguu, na kila akiniona hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa.

2. Lalamiko la pili ni koti lako.

Makoti ya Faizal yalikuwa ya bei ya watu wa mjini. Mke wangu Apollinarie ni fundi cherehani. Aliazima koti moja kwa siku mbili, akalifumua lote mshono kwa mshono, akachora kila kipande juu ya gazeti, akalishona upya na kumrudishia mwenyewe, ambaye hakujua lolote ila alisema linamkaa vizuri kuliko zamani. Baada ya hapo kukaanza kupotea vitu. Masofa yaliyochoka yakakosa ngozi. Lori lililoharibika karibu na soko likakosa turubai. Godoro letu la wageni lilikatwa vipande vya kuingia kwenye magoti, na wageni wetu sasa hulala kwenye kile kilichobaki. Kufikia Pasaka kila mwendesha boda wa Base Camp alikuwa thelathini na moja.

Sitetei kitendo cha mke wangu. Naeleza tu kwamba kazi yake ilikuwa nzuri.

Sasa, kazi ya katibu ni kuandika malalamiko ya abiria, na abiria humtaja dereva kwa namba aliyoiona mgongoni. Mwezi wa nne nilipokea malalamiko arobaini na matatu. Namba 31 alimpitisha mtu dimbwini. Namba 31 alipiga honi mazishini. Namba 31 alimsahau bibi harusi. Kanuni yetu inasema malalamiko matano yanatosha kumsimamisha mtu. Kamati ikaketi, tukamtafuta mwenye namba hiyo, na kwa maandishi tuliyokuwa nayo, yaani kijitabu, mwenyewe ni wewe. Kwa hiyo nakujulisha rasmi na kwa masikitiko kwamba umesimamishwa kuendesha boda Base Camp kwa maisha yako yote. Nakala nimeiambatisha. Kura zilikuwa nne kwa tatu. Mimi nilikuwa katika wale watatu.

Hata mimi nimedhurika. Binti yangu Doriane naye ni mwendesha boda, na ndiye hunirudisha nyumbani baada ya vikao. Nikishapanda nyuma yake huwa nasinzia. Siku moja saa nane mchana nilikuta steji koti la zambarau na helmeti, nikapanda, nikasema twende, nikasinzia. Niliamka Kaberebere, mji ulio mbali kabisa na kwangu. Dereva akavua helmeti, nikaona ndevu. Alikuwa Kizito, mwanachama wetu mwenyeji wa Isingiro, aliyekuwa akienda kwa wakwe zake kuzungumzia mahari, na yeye alidhani katibu wake ameamua kumsindikiza. Sikuwa na njia nyingine. Niliketi na wakwe, nikala, nikaombwa kusema neno, nikasema. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili, na mimi ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi.

3. Lalamiko la tatu linahusu dini, na nitaliandika kwa kifupi kwa sababu Padri Gervais anaweza kuombwa kuthibitisha.

Kanisa letu lina sakafu ya saruji. Zamani waumini walipiga magoti, wakasema yaliyo muhimu, wakasimama. Tangu wapate pedi zako za magoti hawasimami. Wanamwombea kila mtu, hadi waliokufa zamani sana. Akina mama wa kanisa wameagiza pedi peke yake, bila koti, na huzivaa chini ya vitenge. Padri alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya ubatili wa mavazi. Jumapili ya tatu, alipopiga goti mbele ya altare, tulisikia kutoka ndani ya kanzu yake mlio wa ngozi ya sofa. Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika nje. Nilimuuliza mke wangu kama alimshonea. Alinijibu kwamba fundi naye ana siri za kitubio.

Jumapili hii misa imerudishwa nyuma hadi saa kumi na mbili asubuhi. Padri amesema ni kwa ajili ya joto. Kombe la Maziwa linaanza saa nne.

4. Lalamiko la nne ni ziara yako.

Nilisikia kwamba unakuja na Faizal kutukamata kwa kuiga makoti yenu, na niliandaa utetezi wa kurasa mbili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kifaransa, kwa kuwa palikuwa na hoja ambazo kwa Kifaransa huonekana nzito zaidi. Hukuja kwangu moja kwa moja. Ulisimama kwanza steji, na pale Mkongomani mmoja, mwanachama wetu mpya, akalishika koti lako kwenye mkono, akalipapasa, akakuhurumia.

"Mama, hii yako haiko ya kweli," alikuambia. "Bamekudanganya. Ya kweli banashona hapa kwetu."

Ulimjibu kwamba wewe ndiwe Hanifah mwenyewe. Naye akasema kwamba hapa kila mtu husema hivyo.

Walikuleta nyumbani kwangu ili upimwe koti la kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi zangu. Mke wangu alinipita, akaona mshono wako umeachia kwapani, akakuvua koti, akakukalisha kwenye benchi na kukupa chai. Faizal alipoanza kueleza habari za haki ya mwenye mali, Apollinarie alimwomba amshikie uzi. Akaushika. Mpaka vikombe vitatu vinakwisha ulikuwa umekwisha kuagiza koti moja kwa ajili yako, na Faizal ameagiza kumi na mawili kwa ajili ya duka lake Mbarara. Kwa hiyo leo, Bingwa, unashindana ukiwa umevaa koti lililoigwa kutoka kwenye koti lako, na utetezi wangu haujasomwa na mtu yeyote. Nimeuambatisha pia.

Hata hilo ningelisahau. Sitasahau kilichofuata.

Ulikuwa umesimama uani unajaribu mikono ya koti wakati Doriane alipokuwa akishuka kutoka juu kwenye kilima. Unaijua ile njia: upande mmoja ni korongo na upande mwingine ni mawe. Alikuwa amebeba bibi mmoja, madumu mawili ya maji, na kuku. Mimi, kama kawaida yangu, nilitazama pembeni. Wewe ulitazama mpaka alipofika chini, ukanigeukia.

"Mzee," ulisema, "huyu binti yako anaendesha kama mtu amebeba maziwa."

Nilidhani ni tusi. Nikataka kujibu. Faizal akanivuta kando na kunieleza kwamba katika miaka yote hujawahi kumwambia hivyo mtu yeyote, hata yeye. Doriane alikuwa amekwisha kusikia.

5. Lalamiko la tano na la mwisho ni binti yangu.

Doriane ana miaka ishirini na miwili. Jumanne ijayo, siku mbili baada ya mashindano yenu, anaitwa kwenye usaili wa shule ya uuguzi huko Mbarara. Jina lake lilitoka katika watu mia tatu. Nimeingoja barua ile ya kumwita kwa miaka miwili. Ilipofika niliisoma kwa sauti mbele ya majirani, hadi jina la aliyetia sahihi.

Tangu useme neno lako yeye hupanda kile kilima kila siku saa za mapumziko, akiwa na madumu yaliyojaa maji bila vifuniko, na kushuka akihesabu sekunde. Mwanzoni alifika chini ameloa. Sasa hufika mkavu. Wiki iliyopita aliangukia kwenye mawe, akashonwa nyuzi sita kidevuni. Nilikaa naye zahanati. Muuguzi alipokuwa akishona, Doriane alimuuliza habari za uzi, za sindano, kwa nini anaanzia katikati, nami moyo wangu ukafurahi, nikajua nimempata mwanafunzi wa uuguzi. Uzi ulipokatwa tu akauliza kama anaweza kuvaa helmeti siku hiyohiyo.

Nitakueleza kitu ambacho sijawaeleza wanachama. Mwaka tulipokimbia Burundi, Doriane alikuwa na miaka kumi na miwili. Kipande cha mwisho kabla ya mpaka tulibebwa na pikipiki moja: dereva tusiyemjua, yeye katikati, mimi nyuma. Mama yake alikuwa ametangulia kwa pikipiki nyingine, na hatukujua kama amefika. Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kunyesha, njia yote utelezi. Nilifumba macho nikasali sala zote nilizozijua, na zilipokwisha nikazirudia. Nilipofumbua tulikuwa tumevuka. Dereva aliniambia kwamba mtoto ndiye aliyekuwa akimwonyesha pa kupita, kushoto, kulia, kushoto tena, kwa kidole begani mwake, na kwamba bila yeye tungekuwa korongoni. Mimi baba yake, mwalimu mkuu, sikuona hata mti mmoja wa safari ile.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa juu ya pikipiki nikiwa macho. Usingizi niliouandika kwenye lalamiko la pili si usingizi sana.

Basi hili ndilo ombi langu, na nimelifikiri kwa utaratibu. Ukishindwa Jumapili, watu wataona kwamba hata bingwa hushindwa. Wakiona hivyo, makoti yatachujuka heshima. Makoti yakichujuka, wanachama watarudi kwenye mashati yao na nitawatambua. Magoti yatauma na misa itakwisha mapema. Venuste atakwenda zahanati. Na Doriane atatazama mchezo wa pikipiki, auone kuwa ni mchezo tu wenye matope, na Jumanne ataingia chumba cha usaili akiwa na akili moja.

Siombi uwe wa mwisho. Wa mwisho huonewa huruma, na huruma ingekufanya upendwe zaidi. Wa pili na wa tatu hupewa medali, na medali yoyote itatuharibia. Nafasi ya nne inatosha. Hakuna mtu aliyewahi kushona koti la mtu wa nne. Njia ya kufika huko nakuachia wewe mwenye ujuzi. Unaweza kusimama kumsalimu mzee Umaru pembeni mwa njia, jambo ambalo ni la adabu na halina wa kulilaumu. Unaweza kusahau kufungua mafuta. Unaweza, kwa mara moja tu katika maisha yako, kuumia na kukaa chini.

Nisalimie wazazi wako wote wawili, Faizal na mkono wake wa kushika uzi, majirani wa Kakiika, na wale wote wanaokuandalia pikipiki yako, ambao nawaombea wikendi hii kazi yao iwaharibikie kidogo. Apollinarie anakusalimu na anauliza kama koti linakubana mabegani.

Ni mimi, nisiyekutakia baya lolote isipokuwa nafasi ya nne,

Ladislas Munyakazi,
Katibu.

Nyongeza, Alhamisi:

Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Wa kuileta Mbarara alikuwa Doriane, maana leo ana abiria wa huko. Aliona jina lako juu ya bahasha, akaifungua mbele yangu bila kuomba radhi, akaisoma yote akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya kiti cha pikipiki. Nilimfundisha mwenyewe kusoma, nikiwa nadhani namtayarishia mambo mengine. Kurasa za mwanzo alizisoma haraka. Lalamiko la tano alilisoma polepole, akalirudia. Alipomaliza yale ya mpakani aliniwekea kidole begani, akakiacha pale kwa muda.

Kisha akasema, "Papa, nimejiandikisha Kombe la Maziwa. Namba saba. Hanifah akinipisha nitajua, na nitajua ni wewe umemwomba."

Nikamuuliza habari za Jumanne. Akanijibu kwamba Jumapili ni Jumapili na Jumanne ni Jumanne, na kwamba nguo za usaili mama yake amekwisha kuzipiga pasi. Kumbe mama yake alijua yote tangu mwezi wa saba.

Kwa hiyo, mwanangu Hanifah, yale niliyokuomba hapo juu usiyafanye. Jumapili kimbia kama kawaida yako. Kimbia na zaidi. Usimsubiri kwenye kona, usimwachie njia nzuri, usimhurumie kwa ajili ya kidevu chake wala kwa ajili ya kurasa hizi. Akikupita, nataka awe amekupita kweli. Asipokupita, mwonyeshe alipokosea, maana mimi sitaweza kumwonyesha.

Cherehani haijanyamaza tangu asubuhi. Apollinarie anashona makoti yenye namba saba, na walioagiza wamefika kumi na wanane kabla binti hajashinda hata mbio za kuku. La kwanza kumalizika ni langu. Linanibana tumboni, na nimeambiwa nisilivue mpaka aone linavyokaa nikitembea. Maneno haya ninayaandika nikiwa nimelivaa.